Namna ya Kusanifu Uso wa Kipandikizi cha Mfupa Usiowapa Bakteria Makao

Kipandikizi kinachowekwa kwenye mfupa, kiwe bamba la kuunganisha mvunjiko, skrubu, nyonga bandia au kiunzi cha kujazia pengo, huingia mwilini bila mishipa ya damu na bila kinga yake chenyewe. Mwaka 1957 Elek na Conen walionyesha kwamba ngozi ya binadamu huhitaji mamilioni ya stafilokoki (bakteria wa kawaida wa ngozi) ili itunge usaha, lakini uzi wa hariri ukiwemo jerahani, bakteria mia chache hutosha. Uzi huo haukuwa na sumu yoyote. Ulikuwa kitu kigeni ambacho bakteria waliweza kukishika na ambacho seli za kinga hazikuweza kukisafisha. Anayesanifu uso wa kipandikizi anapaswa kuukumbuka ukweli huo katika kila hatua, kwa maana adui yake anaweza kuwa na idadi ndogo mno na bado akashinda.

Mwaka 1987 Anthony Gristina aliueleza ushindani unaofuata upasuaji kuwa ni mbio za kuuwania uso: seli za mwili na bakteria hukimbilia mahali pamoja, na upande unaotangulia kushika humnyima mwenzake nafasi. Tamathali hiyo imedumu kwa sababu inafaa, ila wasanifu wengi huishika nusu. Huona kwamba bakteria lazima wacheleweshwe, wakasahau kwamba mbio hizo zina mshiriki wa pili, na kwamba uso unaowakataa bakteria na seli za mfupa kwa pamoja hubaki mtupu, ukiwangoja bakteria watakaokuja baadaye. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba kazi ya uso ni kuupa mfupa muda wa kufika na kushika. Kila uamuzi upimwe kwanza kwa saa, siku na wiki, ndipo upimwe kwa idadi ya bakteria waliouawa.

Anza na ratiba ya jeraha

Kabla ya kugusa kemikali yoyote, andika kipandikizi chako kitawekwa wapi, katika jeraha la namna gani, na bakteria watatoka wapi. Bamba linalowekwa kwenye mvunjiko wenye kidonda wazi hukutana na uchafu tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo ulinzi wake unahitajika zaidi katika saa na siku za mwanzo. Nyonga bandia inayowekwa katika chumba safi cha upasuaji hukutana na bakteria wachache wa ngozi, lakini itakaa mwilini miaka mingi na inaweza kufikiwa na bakteria waliosafiri kwa damu kutoka kwenye jino bovu au kidonda cha mguu. Mpako unaomaliza dawa yake katika wiki mbili hausaidii chochote katika tukio la mwaka wa saba. Kinachosaidia wakati huo ni mfupa uliokwisha kushikana na uso bila kuacha nafasi. Kiunzi cha kujazia pengo lililobaki baada ya kuondolewa mfupa ulioathiriwa na osteomielitisi (maambukizi ndani ya mfupa) kina hali ngumu kuliko zote, kwa sababu huwekwa mahali ambapo huenda bakteria wangali wamejificha. Staphylococcus aureus, ambaye kwa kawaida ni tufe la takriban mikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), ameonekana kwa hadubini ya elektroni akijibana na kuingia katika mifereji ya mfupa iliyo myembamba kuliko yeye, na dawa iliyogandishwa juu ya uso wa kipandikizi haiwezi kumfuata humo.

Baada ya hapo chora mstari wa muda. Katika sekunde za kwanza uso hufunikwa na protini za damu, zikiwemo fibrinojeni na fibronektini, hivyo hakuna seli wala bakteria atakayeugusa uso wako ukiwa mtupu kama ulivyotoka maabara. Katika dakika na saa zinazofuata bakteria hutua, kwanza kwa kushika kulegevu kunakoweza kuachia, kisha kwa kushika kwa nguvu. Wakiachwa, huanza kutengeneza ute unaowafunika, na katika muda wa takriban siku moja huwa wamejenga utando wa bakteria ambao huhitaji dawa mara 10 hadi 1,000 ya kiasi kinachowaua bakteria hao hao wakiwa wanaelea peke yao. Seli zinazojenga mfupa, yaani osteoblasti, nazo hushika uso katika saa za mwanzo, lakini huhitaji siku kadhaa kutandaza kolajeni na wiki kadhaa kuigeuza kuwa mfupa wenye madini. Pengo kati ya siku moja ya bakteria na wiki kadhaa za mfupa ndilo unalosanifu kulijaza, na ukishaliona kwenye karatasi, mapendekezo mengi yanayovutia hujiondoa yenyewe.

Taja pia bakteria unaowahofia. Staphylococcus aureus na Staphylococcus epidermidis hutangulia katika orodha nyingi, lakini kwenye bega Cutibacterium acnes ni mhusika mkubwa, naye hukua polepole na hupendelea mazingira yenye oksijeni kidogo. Uso uliojaribiwa kwa saa 24 dhidi ya Staphylococcus aureus pekee haujajaribiwa kwa bega.

Umbile la uso

Titani na aloi zake ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa tabaka la oksidi lenye unene wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita) linalojiunda juu yake huvumiliwa na mfupa, jambo ambalo kazi ya Per-Ingvar Brånemark ililithibitisha kwa wagonjwa wa meno tangu mwaka 1965. Ugumu ni kwamba mfupa hupenda uso wenye mparuzo, na bakteria nao huupenda, kwa sababu mabonde ya uso huwakinga wasisombwe na majimaji na huwaongezea eneo la kushika. Njia ya kutoka katika mgongano huo ni kutofautisha vipimo. Osteoblasti ina upana wa mikromita makumi kadhaa, ilhali stafilokoki ni tufe lisilozidi mikromita 1 hivi. Mashimo yenye upana unaokaribia mwili wa bakteria ndiyo mabaya kuliko yote, kwani humpa kiota kinachomtosha. Vinundu na mirija ya nanomita makumi kadhaa humnyima eneo la kugusa, huku seli ya mfupa, ambayo vishikizi vyake vya protini huanzia katika kipimo hicho cha nanomita, ikipata pa kujishikiza. Kwa hiyo lainisha kipimo cha mikromita 1 hadi 2, ulete umbile katika nanomita, na ikiwa unahitaji vinyweleo vya mfupa kupenya, viweke katika mamia ya mikromita.

Mirija ya nanomita juu ya titani hutengenezwa kwa oksidisho la umeme. Safisha kipande kwa asetoni, ethanoli na maji yaliyotolewa ayoni, kifanye kuwa anodi mbele ya kathodi ya platini, kisha utumie kimiminika cha ethilini glaikoli chenye amonia floridi ya asilimia 0.3 hadi 0.5 kwa uzito na maji kidogo, kwa volti 30 hadi 60. Upana wa mirija huongezeka kadiri volti zinavyoongezeka, na hilo hukuwezesha kutengeneza mfululizo wa vipimo na kuulinganisha. Wapo wanaotumia asidi hidrofloriki katika maji. Asidi hiyo hupenya ngozi na kuidhuru tishu ya chini hadi kwenye mfupa, hata pale maumivu yanapochelewa, kwa hiyo mtu yeyote asiifungue chupa yake kabla jeli ya kalsiamu glukoneti haijawekwa karibu na kabla hajafundishwa kuitumia. Baada ya oksidisho, choma vipande kwa nyuzi 450 za Selsiasi kwa saa moja hadi tatu ili oksidi isiyo na mpangilio igeuke kuwa fuwele za anatasi. Hatua hii isirukwe. Matokeo yaliyochapishwa kuhusu mirija hupingana, baadhi yakionyesha bakteria wakiongezeka na mengine wakipungua, na sehemu ya mgongano huo hutokana na floridi iliyobaki pamoja na oksidi ambayo haikuchomwa.

Kuna pia nyuso zinazoua kwa umbile peke yake. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba vinguzo vya nanomita juu ya bawa la nyenje Psaltoda claripennis huwapasua Pseudomonas aeruginosa, na mwaka uliofuata silikoni nyeusi iliyochongwa vinguzo vya namna hiyo ikawaua bakteria wa aina kadhaa. Ni ugunduzi mzuri mno, na kutokutegemea dawa ni sifa kubwa wakati huu ambapo usugu wa vimelea unaongezeka. Hata hivyo, kuta nene za stafilokoki hustahimili zaidi kuliko zile za Pseudomonas, na mizoga inayobaki juu ya vinguzo huwapa waliofuata zulia la kutua. Ningeyatumia maumbile hayo kama msaidizi wa mbinu nyingine, nisiyategemee peke yake katika jeraha lenye damu.

Kufukuza na kukaribisha kwa pamoja

Polima zinazoshika maji kwa wingi, kama polietilini glaikoli na zile zenye chaji chanya na hasi kwa pamoja, huzuia protini kutua, na protini zikikosekana bakteria hukosa daraja. Tatizo ni kwamba seli za mfupa hutumia daraja hilo hilo: fibronektini inayoshikwa na osteoblasti ndiyo inayoshikwa na Staphylococcus aureus. Hapa maumbile yametuachia mlango mdogo ambao msanifu makini hapaswi kuupita bila kuuona. Mwaka 1984 Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kwamba seli za mwili huitambua fibronektini kwa kipande kifupi sana cha arginini, glisini na asidi aspatiki, kipande kinachofupishwa RGD. Protini za Staphylococcus aureus zinazokamata fibronektini hushika sehemu nyingine kabisa, kwenye ncha ya mwanzo ya molekuli. Ukiifukuza fibronektini nzima kwa polietilini glaikoli, kisha ukapandikiza kipande cha RGD peke yake juu ya nyuzi za polima hiyo, unakuwa umevunja daraja la bakteria na kuwaachia osteoblasti ngazi yao.

Njia rahisi ya kufanya hivyo juu ya titani ni kutumia polilisini iliyopandikizwa polietilini glaikoli. Polilisini ina chaji chanya, na oksidi ya titani katika maji ya pH ya mwili ina chaji hasi, kwa hiyo kutumbukiza kipande safi katika mmumunyo huo hutosha kuupaka uso mzima. Usafi wa kipande ndio utakaoamua matokeo, maana titani iliyokaa hewani hujivika hidrokaboni na kuacha kupenda maji. Ishughulikie kwa plazima ya oksijeni au mwanga wa urujuanimno muda mfupi kabla ya kupaka, na upime pembe ya tone la maji ili uthibitishe. Udhaifu wa mpako huu ni uimara. Mshiko wa chaji huweza kuachia, na polietilini glaikoli huoksidika mwilini taratibu, hivyo usiutegemee zaidi ya kipindi cha mwanzo. Kwa kuwa RGD huharakisha mshiko wa mfupa katika kipindi hicho hicho, udhaifu huo unaweza kukubalika, mradi umethibitisha kwamba mfupa unafika kabla mpako haujaisha.

Mipako inayotoa dawa

Tangu Buchholz na Engelbrecht walipoeleza mwaka 1970 kuhusu kuchanganya gentamisini, ambayo ni antibiotiki, katika saruji ya mifupa, dawa inayotolewa mahali penyewe imekuwa silaha ya kawaida, na mantiki yake huonekana kwa hesabu ndogo. Tuseme bamba lina eneo la sentimita za mraba 20, na kila sentimita ya mraba imebeba mikrogramu 100 za gentamisini. Jumla ni miligramu 2. Majimaji yaliyolizunguka bamba yakiwa mililita 2, dawa yote ikitoka kwa mara moja mkusanyiko hufikia mikrogramu 1,000 kwa mililita, ilhali mgonjwa wa kilo 70 anayepewa miligramu 5 kwa kila kilo hupokea miligramu 350 mwilini mwote na jerahani hufika sehemu tu ya hizo. Hesabu hiyo hiyo ina onyo ndani yake: mkusanyiko wa mamia ya mikrogramu kwa mililita huanza kudhoofisha osteoblasti. Usichukulie kwamba dawa nyingi zaidi ni ulinzi zaidi.

Chora mkunjo wa utoaji kwa kuzamisha kipande katika maji ya chumvi yenye bafa kwa nyuzi 37 za Selsiasi, ukibadilisha kimiminika kwa vipindi na kupima dawa iliyotoka. Unachotafuta ni mlipuko wa mwanzo unaozidi kwa mbali kiwango cha kuwaua bakteria wako, ukifuatiwa na kikomo cha wazi. Mkia mrefu wa kiasi kidogo kisichoua ndio sehemu ya kuogopwa, kwa kuwa huwafundisha bakteria usugu bila kumsaidia mgonjwa. Saruji ya mifupa ina kasoro hii, kwani sehemu ndogo tu ya dawa hutoka mapema na iliyobaki hunaswa ndani na kuvuja kwa muda mrefu. Polilaktidi inayoyeyuka mwilini ni chaguo bora zaidi kwa bamba au msumari wa ndani ya mfupa, kwa sababu mpako ukiisha, mkia nao huisha.

Madini ya fedha hutumika sana, hasa kwenye viungo bandia vikubwa vya wagonjwa wa saratani ya mfupa, na huua aina nyingi za bakteria kwa pamoja. Kumbuka, hata hivyo, kwamba ayoni za fedha hukamatwa na kloridi na protini za damu, hivyo kiasi kilichotosha katika maji safi hakitoshi katika seramu, na kiasi kitakachotosha katika seramu kinaweza kuwa karibu sana na kile kinachoziumiza seli za mfupa. Zinki ni dhaifu zaidi dhidi ya bakteria, lakini kwa kiasi kidogo huchochea osteoblasti, na kwa mtazamo wa mbio hizi za pande mbili sifa hiyo ina thamani kubwa. Iodini iliyowekwa katika vinyweleo vya oksidi ya titani imetumiwa kwa wagonjwa na timu ya Hiroyuki Tsuchiya huko Kanazawa, Japani. Kwa kujazia pengo lenye maambukizi, angalia kioo hai cha S53P4, ambacho kwa uzito kina silika asilimia 53, oksidi ya sodiamu 23, oksidi ya kalsiamu 20 na oksidi ya fosforasi 4. Kinapoyeyuka hupandisha pH na chumvi katika majimaji yanayokizunguka hadi bakteria washindwe kuishi, kisha uso wake hugeuka kuwa madini yanayofanana na ya mfupa, kazi zote mbili bila antibiotiki yoyote.

Upimaji

Hapa ndipo miundo mingi hujidanganya, na ndipo ningemwomba msomaji atumie muda wake mwingi. Kipimo sanifu cha kimataifa kinachotajwa mara nyingi, ISO 22196, huweka bakteria chini ya utando wa plastiki kwa saa 24 katika mchuzi wa kuoteshea uliozimuliwa mara 500, na kilitungwa kwa ajili ya plastiki na nyuso nyingine zisizo na vinyweleo. Kinafaa kwa kuchuja mawazo ya awali. Hakina protini za damu, hakina seli, na hakina mtiririko.

Ondoa pia mazoea ya kusifu asilimia. Ukiweka bakteria milioni 1 na uso ukaua asilimia 99.9, wamebaki 1,000, na uzi wa hariri wa mwaka 1957 ulihitaji wachache kuliko hao. Toa matokeo kwa logi (logi 1 ni kupungua mara kumi, logi 2 mara mia), na uendelee kupima siku ya pili na ya tatu ili uone kama waliobaki wanazaliana upya.

Loweka vipande katika seramu au utegili (majimaji ya damu yasiyo na seli) kabla ya kuweka bakteria. Tumia kipande linganishi chenye mparuzo ule ule bila kemia yako, la sivyo hutajua kama kilichofanya kazi ni dawa au umbile. Unapoosha bakteria ambao hawajashika, badilisha kimiminika taratibu bila kukitoa kipande hewani, kwa sababu mpaka wa maji na hewa unapopita juu ya uso hung'oa bakteria wengi na kukupa matokeo mazuri ya uongo. Waliobaki waondoe kwa mawimbi ya sauti ya masafa ya juu, uwaoteshe na kuhesabu koloni, lakini kwanza uthibitishe kwa hadubini kwamba kweli wametoka. Katika kimiminika hicho weka kemikali ya kuizima dawa yako, kwa mfano sodiamu thioglaikoleti kwa ajili ya fedha. Usipofanya hivyo, ayoni zilizotoka pamoja na bakteria zitaendelea kuwaua kwenye sahani na utahesabu ushindi ambao haukutokea kwenye uso.

Kwa upande wa seli, ISO 10993-5 huchukulia kwamba kipande kinachoshusha uhai wa seli chini ya asilimia 70 ya linganishi kina uwezekano wa kuwa na sumu. Kuzidi kiwango hicho hakumaanishi kwamba mfupa utakua. Pima pia fosfatasi alkali, kimeng'enya cha seli zinazojenga mfupa, katika wiki za mwanzo na madini baada ya wiki tatu au nne.

Jaribio lenye uzito kuliko yote ni la kuotesha pamoja, kama lile ambalo watafiti wa Groningen, Uholanzi, walilichapisha mwaka 2009. Weka bakteria wachache juu ya uso kwanza, kwani ndivyo hutokea jerahani, kisha ongeza osteoblasti, na uangalie baada ya saa 24 na 48 ni eneo kiasi gani limefunikwa na kila upande. Kuchagua mchuzi unaowafaa wote wawili kutakusumbua, na bakteria wakikua haraka mno wataua seli zote hata juu ya uso mzuri, kwa hiyo jaribu viwango kadhaa vya mwanzo. Uso ulioua kwa logi 5 peke yake lakini ukaacha seli zimejikunja kuwa duara katika jaribio hili haufai. Ule ulioua kwa logi 2 tu, huku seli zikitandaa juu yake, unastahili kuendelezwa.

Kabla ya kumkabidhi daktari wa mifupa

Rudia vipimo vyote kwa vipande vilivyosafishwa kwa njia ile ile itakayotumika hospitalini. Mvuke wa nyuzi 121 huharibu peptidi (kama kile kipande cha RGD) na polilaktidi, mionzi ya gama ya kilogirei 25 hukata minyororo ya polima, na gesi ya ethilini oksidi huacha mabaki yanayohitaji muda wa kutoka. Pima pia vipande vilivyokaa ghalani miezi kadhaa ndani ya vifungashio vyake.

Mwisho, chukua skrubu iliyopakwa, ifunge katika mfupa wa mnyama kwa nguvu ambayo daktari huitumia, ifungue, na uitazame kwa hadubini ya elektroni. Mara nyingi utaona ncha za nyuzi zake zimevuliwa mpako, na hizo ndizo sehemu zinazogusa mfupa kwa karibu zaidi. Jaribio hili huchukua mchana mmoja, na ni heri lifanywe katika wiki ya kwanza ya mradi, kabla mpako haujapimwa kwa bakteria hata mmoja.